Haya si woga: Tujifunze kuitikia mwaliko wa kijijini



Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumzie maradhi ambayo wengi wetu tunayo lakini hatuyasemi. Nayo ni hofu ya watu. Hapa sina maana ya hofu ya kuogopa kupigwa au kuibiwa. Nazungumzia ile hofu inayomkuta mtu mzima, mwenye kazi yake na familia yake, pale anapotakiwa kuingia mahali penye watu asiowazoea, akae nao, ale nao na azungumze nao. Moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, sauti inakwama, na mwisho anatafuta udhuru wa kutokwenda.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya hali ya hapa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016 ndipo wizara na watumishi walipoanza kumiminika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000. Miongoni mwa wageni hao wako Waislamu wengi waliotoka Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Kigoma na kwingineko. Wamefika mji ambao hawana mjomba wala shangazi. Majirani zao na wenzao wa msikitini ni watu wa Kondoa, Chemba, Mpwapwa na Manyoni. Hao ndio wanaowaalika vijijini kwao kwenye walima, akika na khitma. Na hapo ndipo maradhi haya yanapojitokeza.

Bahasha imekuja, mwenyewe hajaja

Nianze na nafsi yangu, maana mwalimu asiyejisema hasikilizwi.

Nilihamia Dodoma mwaka 2019. Jirani yangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kirangi, mtu wa swala tano, ambaye kila alfajiri tulikuwa tukiongozana msikitini. Haukupita mwaka akanialika kwenye walima ya binti yake, kijijini kwao mbele ya Kondoa. Nikamwambia, "InshaAllah mzee, nitafika." Moyoni nilikuwa nimekwisha kataa. Usiku nikawaza: nitakaa na nani? Nitaongea nini? Wao watasema Kirangi, mimi nitakodoa macho. Na wakinisimamisha mbele kama mgeni kutoka mjini, nitasema nini?

Siku ilipofika nikampigia simu nikasema kazi zimenibana. Nikatuma bahasha, na fedha niliyoweka haikuwa ndogo. Mzee aliporejea nikamwamkia, akaitikia vizuri, akashukuru. Kisha akasema kwa upole, "Bahasha imekuja mwanangu, mwenyewe hajaja." Hakuongeza neno.

Miezi kadhaa baadaye mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, akafariki. Tulimzika hapa hapa Dodoma. Siku ya pili ya msiba likasimama basi dogo mbele ya nyumba yangu. Wakashuka wazee, kina mama na vijana, pamoja na gunia la mahindi na mbuzi mmoja. Walikuwa watu wa kijiji kile kile nilichokikimbia. Sikuwahi kula nao hata tonge moja, na wao wamekuja kunifariji. Ndugu msomaji, siku ile nililia vilio viwili. Kimoja cha mama yangu, na kingine cha aibu.

Hapo ndipo nilipoamua kulisoma jambo hili.

Haya ni kitu kimoja, woga ni kingine

Wengi wetu tunajificha nyuma ya neno haya. Mtu akikwepa watu husema, "Mimi nina haya." Ni kweli kwamba haya ni katika imani, na hadithi ya jambo hili imo katika Bukhari na Muslim. Lakini wanazuoni walikwisha lipambanua. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amenukuu kutoka kwa Ibn Salah kwamba kile kinachomzuia mtu kutekeleza haki hakiwi haya ya kweli. Hicho ni udhaifu na unyonge, na watu wamekiita haya kwa kufananisha tu.

Dalili yake iko wazi. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza dini yao. Walikuwa na haya, na bado walisimama wakauliza. Kwa hiyo haya humzuia mtu na maovu. Kinachomzuia mtu na mema kina jina lingine.

Na kuitikia mwaliko ni katika mema hayo. Mtume (s.a.w.) alikutaja pamoja na haki ambazo Muislamu anazo juu ya nduguye, sambamba na kujibu salamu, kumzuru mgonjwa na kusindikiza jeneza. Mwaliko wa walima ya ndoa umetiliwa mkazo zaidi. Mafaqihi wameweka nyudhuru zake, kama maradhi, au kuwepo munkari ambao mtu hawezi kuuondoa. Lakini "naona aibu watu wataniangalia" haimo katika orodha ya nyudhuru hizo.

Hata hivyo tusimlaumu mwenye hofu kana kwamba hana imani. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, Qur'an katika Sura Taha inatueleza kuwa alimuomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi. Akaomba pia apewe nduguye Harun awe msaidizi wake. Yapo mafunzo matatu hapa. Kwanza, hofu ya kusema mbele ya watu si dhambi, kwani Mtume wa Mungu aliieleza. Pili, aliomba dua na akaomba mtu wa kufuatana naye. Tatu, baada ya dua alikwenda. Hakubaki pale alipo akisubiri hofu iishe.

Hofu hii inavyofanya kazi

Matabibu wanaitambua hofu hii. Tangu mwaka 1980 imo katika kitabu cha uainishaji wa magonjwa ya akili kinachotumiwa na madaktari wa Marekani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za nchi nyingi, ulionyesha kuwa takriban watu 4 katika kila 100 hupatwa na hali hii kwa kiwango cha ugonjwa wakati fulani wa maisha yao. Wenye kiwango kidogo, kama mimi, ni wengi zaidi.

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza jinsi hofu hii inavyojilisha yenyewe. Mtu anapoingia penye watu, macho yake ya ndani huwageukia si wale watu, bali nafsi yake. Anasikiliza sauti yake ikoje, anatazama mikono yake inatetemeka kiasi gani, anawaza uso wake unaonekanaje. Kwa kuwa anajitazama yeye, hawaoni wenziwe wanavyomtabasamia. Anatoka pale na picha aliyojichorea mwenyewe, akidhani ndivyo watu walivyomuona.

La pili ni ngao tunazojikinga nazo. Mmoja hukaa ndani ya gari hadi chakula kiive. Mwingine hushika simu akajifanya anasoma ujumbe. Wa tatu husimama karibu na njia ili awe wa kwanza kuondoka. Ngao hizi hutupa nafuu ya saa moja, lakini zinatunyima ushahidi. Akirudi nyumbani salama hasemi, "Kumbe watu wale hawana tatizo." Husema, "Afadhali nilikuwa na simu." Basi safari ijayo hofu iko pale pale, na mara nyingi imeongezeka.

Na je, ni kweli watu wanatuangalia hivyo? Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2000, mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambayo vijana wenzake wangeicheka, kisha akaingizwa chumba chenye watu. Alipoulizwa ni wangapi wameitambua picha ile, alikisia karibu nusu yao. Walipoulizwa wenyewe, ilikuwa kama robo tu. Kila mtu pale ameshughulika na nafsi yake. Ukijikwaa kwenye kamba ya turubai, wewe utalikumbuka mwaka mzima, wao watalisahau kabla ya pilau kupakuliwa.

Dawa hii si ngeni kwetu

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yenye matibabu, kama mwili ulivyo na maradhi yake. Alishauri mtu ajiwekee fikra njema wakati ametulia, azitumie hofu inapomjia, kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Na katika kutibu hofu alisisitiza kuizoesha nafsi kile inachokiogopa, tena na tena, mpaka ikizoee.

Naye Imam Ghazali katika Ihya ametenga kitabu kizima juu ya uzla, yaani kujitenga na watu. Amepima faida za kujitenga na faida za kuchanganyika, na katika faida za kuchanganyika ametaja kujifunza, kufundisha, kunufaisha watu na kupata thawabu za kutekeleza haki zao. Anayejitenga kwa ajili ya ibada ana hoja yake. Anayejitenga kwa sababu anaogopa sinia la pilau hana hoja.

Mlango wake ni kazi

Mwaka uliofuata msiba, mzee alinialika tena. Safari hii anaoza mtoto wa kiume. Nilimjibu hivi: "Mzee, nitakuja. Ila nakuomba kitu kimoja, nipe kazi." Akacheka akasema, "Kazi hukosi mwanangu."

Nilitoka Dodoma baada ya swala ya alfajiri. Ilikuwa mwezi wa saba, mavuno yameingia ndani, upepo wa baridi na vumbi la kiangazi. Barabara ya Dodoma hadi Babati siku hizi ni ya lami, na safari ambayo zamani ilikuwa ya kuchosha mgongo sasa ni ya saa chache. Hata hivyo tulipopita Mayamaya tumbo lilianza kunisokota, na mjini Kondoa nilitamani kugeuza. Nikakumbuka dua ya Mtume (s.a.w.) ya kujikinga na hamu na huzuni, udhaifu na uvivu, woga na ubakhili. Nikaomba kwa maana zake, nikaendelea.

Nilifika watu wakiwa bado wachache. Hili ni jambo la kwanza nililojifunza: mwenye hofu asichelewe. Sisi huchelewa tukidhani tutaingia bila kuonekana, kumbe anayefika watu wamekwisha kaa ndiye anayegeukiwa na macho yote. Anayefika mapema hukuta watu watano, akawasalimia, na wengine wakija wanamkuta yeye ni mwenyeji.

Vijana walikuwa wanachinja na kuchuna, kina mama wako upande wa mafiga wanachambua mchele, watoto wanasomba maji. Mzee akanikabidhi birika na beseni, akaniambia, "Wewe utawanawisha wageni."

Ndugu msomaji, sijapata kupewa dawa nzuri kuliko birika lile. Nilipita jamvi kwa jamvi. Kwa kila mtu nikainama, nikamsalimia, nikammiminia maji, nikasogea kwa mwingine. Mazungumzo ya nusu dakika tu. Wazee wakaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikajibu. Wengine wakanitambua, "Aa, ndiye tuliyekwenda kumpa pole kwa mama yake!" Nilipomaliza kunawisha nilikuwa nimekwisha salimiana na wanaume wote wa shughuli ile, na moyo ulikuwa umetulia bila mimi kuona ulitulia saa ngapi. Macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya watu, hayakupata nafasi ya kunitazama mimi.

Nilikaa kula sinia moja na watu wanne. Sinia nalo ni rehema. Mezani mjini kila mtu ana sahani yake na anatakiwa kutafuta maneno. Kwenye sinia mkono wako uko pamoja na wa mwenzako, mmoja anakusogezea nyama, na ukinyamaza hakuna anayekushangaa.

Kisha likaja lile nililoliogopa. Mshereheshaji akatangaza, "Tunaye mgeni wetu kutoka makao makuu, aje atusalimie." Nilisimama magoti yakitetemeka. Nikatoa salamu, nikataja jina langu, nikawashukuru kwa kuja kwenye msiba wangu, nikawaombea maharusi baraka, nikaketi. Haikutimia dakika moja. Baadaye hakuna aliyenitajia magoti. Bibi kizee mmoja alinifuata akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa wapi, na akamuombea dua pale pale.

Nilipotazama saa ilikuwa alasiri. Sikuwa nimeigusa simu tangu asubuhi.

Hatua za kufuata

Kwa mwenye maradhi haya, nashauri hatua hizi, na asiruke:

1. Aanze karibu. Wiki ya kwanza atoe salamu yeye kwanza kwa kila anayepishana naye mtaani. Asikwepe hata salamu za wenyeji. Ukimwambia jirani wa Kigogo "Mbukwenyi," hatakupima matamshi, atafurahi.

2. Baada ya swala ya isha akae barazani kwa msikiti dakika tano kabla ya kuondoka. Wiki inayofuata ziwe kumi.

3. Aende kwenye mambo mafupi: kumzuru mgonjwa, kusindikiza jeneza. Huko hakuna anayehitaji hotuba.

4. Kisha aitikie mwaliko wa kijijini. Afuatane na mtu anayemwamini, kama Musa alivyomuomba Harun. Afike mapema, aombe kazi.

5. Awe na maswali matatu mfukoni: mvua za mwaka huu zilikuwaje, mavuno yamekwendaje, na ukoo huu na ule wanahusiana vipi. Watu wa vijijini wanayapenda maswali haya, na majibu yake ni marefu.

6. Hofu ikipanda asikimbie. Hofu ni kama wimbi, hupanda ikafika kikomo chake ikashuka. Anayekimbia ikiwa juu huondoka akiamini kuwa kukimbia ndiko kulikomuokoa. Anayesubiri huiona ikishuka yenyewe.

7. Usiku akirudi asijifungulie mahakama. Badala ya kuhesabu makosa yake, ahesabu watu aliowajua.

Neno kwa wenyeji

Wenyeji nao wana wajibu. Mgeni asipozungumza msiseme anaringa. Msimtenge kwenye kiti cha mbele peke yake mkamwita mheshimiwa, kwani hapo mmemweka mahali pa kutazamwa. Mkalisheni jamvini na watu. Kabla ya kumpa kipaza sauti, mnong'onezeni kwanza kama yuko radhi. Na kijana mkimya wa hapo hapo kijijini msimcheke mbele ya watu, kwani kicheko cha siku moja kinaweza kumfungia mtu ndani miaka mingi. Kwa upande wa wanawake ni vivyo hivyo. Binti aliyeolewa kutoka mbali apewe kinu au ungo, akae na kina mama, asiachwe ukumbini akitazamwa mavazi.

Ikiwa ni ugonjwa

Wapo ambao hofu yao imevuka mpaka. Ameacha Ijumaa kwa kuogopa safu, ameacha chuo, ameacha kazi, au anameza vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari ili aweze kutoka. Huyo haambiwi tu "kaza moyo." Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, na kuna matibabu ya mazungumzo, na pia ya dawa, yanayosaidia hofu ya aina hii. Najua jina Mirembe limefanywa tusi mitaani. Hiyo ni dhulma yetu kwa wagonjwa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu, na hakuyatoa maradhi ya moyo na akili katika hilo.

Hitimisho

Ndugu zangu Waislamu, tumehamia mji mpya. Nyumba tumejenga, magari tumenunua, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatupeleka Dar es Salaam na kuturudisha. Lakini jeneza halibebwi na treni. Linabebwa na mabega ya majirani, na majirani hao hatuwapati kwa bahasha. Tunawapata jamvini, mikono yetu ikiwa katika sinia moja na mikono yao.

Mzee wangu yule yu hai, Alhamdulillahi, na mwaka huu ameniambia mjukuu wake anaolewa baada ya mavuno. Sikusubiri anialike mara mbili. Nimemuuliza birika liko wapi.

Wabillahi tawfiq.